Uvimbe wa titi na lile tundu dogo: jibu kwa mama wa Mwaloni

Msomaji ameniandikia hivi:

“Shikamoo daktari. Nina miaka 27, mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili, nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mwezi wa tatu nikiwa naoga niligusa kitu kama gololi kwenye titi la kushoto, juu, upande wa kwapa. Hakiumi, na nikikibonyeza kinakwepa. Nilipiga ultrasaundi wakaandika sentimita 2.4 kwa 1.6, fibroadenoma, BI-RADS 3. Daktari wa pale akasema nipange siku ya kupasuliwa kwa nusu kaputi. Mwenzangu sokoni ameona kwenye simu kwamba siku hizi kuna upasuaji wa tundu dogo, uvimbe unanyonywa kwa sindano wala hushonwi. Bibi yangu kule Ukerewe naye anasema nisithubutu, kisu kinachokoza uvimbe. Nishike lipi? Na nikitolewa, nitarudi lini kubeba mizigo? Nitaweza kunyonyesha mtoto mwingine?”

Marahaba, mwanangu. Umeshafanya lile ambalo wengi huliahirisha: uligusa kitu, hukukinyamazia, ukaenda kupimwa. Kliniki naona wanawake wengi ambao gololi yao imeshakuwa embe ndipo wanapanda daladala kuja. Wewe umewahi, na aliyewahi tunaweza kuzungumza naye bila kukimbizana.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja, sikukiona. Umeniambia ultrasaundi, umeniambia kisu, umeniambia tundu. Majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo cha uvimbe kinachopimwa maabara, yako wapi? Mwenzako na bibi yako wanavutana juu ya namna ya kuutoa uvimbe ambao bado hakuna aliyeujua kwa hakika. Kwa mtazamo wangu, tundu dogo unalolihitaji kuliko yote ni lile la sindano ya kuchukua kinyama, na linatangulia tundu au kisu kingine chochote.

Nianze na picha yako. BI-RADS ni ngazi wanazotumia wataalamu wa picha za matiti kueleza kiasi cha shaka waliyonayo. Ngazi ya 2 ni kitu ambacho hakina ubaya, mfano kifuko cha maji matupu. Ya 4 na ya 5 ni mashaka, hapo kinyama hakina mjadala. Yako ya 3 ina maana kwamba aliyekupima ameona sura ya uvimbe mpole: umelala kama yai sahanini, kingo zake safi, ndani rangi moja. Uwezekano wa kukuta saratani kwenye ngazi hiyo hauzidi asilimia 2. Na hiyo tabia ya kukwepa kidole ndiyo tabia ya fibroadenoma hasa. Saratani kwa kawaida hushika ilipo, unaibonyeza na titi linakwenda nayo, kama jiwe lililojikita kwenye tope la ziwa.

Fibroadenoma ni tezi za maziwa na nyuzi zinazozishikilia, vimekua pamoja kupita kiasi mahali pamoja vikafanya donge. Huwapata zaidi wanawake wa miaka 15 hadi 35, kwa sababu inalishwa na homoni za kike. Ndiyo maana inaweza kukua ukiwa mjamzito, na ndiyo maana ikifika umri wa kukoma hedhi mara nyingi inanywea yenyewe. Ile ya kawaida haigeuki kuwa saratani. Wengi huishi nayo mpaka uzeeni bila kuijua.

Utaniuliza, kama picha ni nzuri hivyo, kinyama cha nini? Binti wa miaka 18 mwenye picha kama yako ningeweza kumwacha nikamfuatilia kwa ultrasaundi peke yake. Wewe una 27, uvimbe unaushika kwa mkono, na tayari mtu ameshakupangia thieta. Kwetu huku saratani ya titi tunaikuta kwa wanawake wengi ambao bado ni vijana, na zipo saratani chache zinazokaa kwenye picha kwa sura ya upole kabisa. Tena upo uvimbe mwingine, unaitwa filodesi, unaofanana na fibroadenoma kama pacha wake. Tofauti ni kwamba filodesi hukua haraka na hutaka kutolewa pamoja na ukingo wa nyama isiyo na ugonjwa inayouzunguka. Ukiukwangua tu, unaweza kurudi. Sasa mtu akianza kuutoa kabla ya kujua ni pacha yupi, anakisia.

Kuchukua kinyama kwenyewe ni kazi ya nusu saa, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Unalala chali, mkono wa kushoto umeupeleka kichwani. Ngozi inasafishwa, inachomwa ganzi. Hiyo ganzi ndiyo inayouma: inawaka kama pilipili kwenye mchubuko, sekunde chache, kisha panakufa. Ngozi inatobolewa tundu la milimita 2 au 3 na sindano nene inapita humo, daktari akiitazama kwenye skrini inavyousogelea uvimbe kwa ubavuni. Ikifyatuka inalia, ta! kama stepla ya ofisini. Mimi humfyatulia mgonjwa hewani kwanza ausikie mlio, maana anayeruka kitandani ni yule ambaye hakuambiwa. Tunafyatua mara tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Kila mara inatoka nyama nyembamba nyeupe, kama kipande cha tambi, inadondoshwa kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kuihifadhi isioze. Na hapo huwa nakitazama kichupa: nyama ya uvimbe huzama, mafuta ya titi huelea. Vikielea vyote najua nimekosa shabaha, narudia hapo hapo, sisubiri kumrudisha mama wa watu baada ya wiki mbili na nauli nyingine.

Ipo na sindano nyembamba, ile inayonyonya chembe chache tu. Ni nafuu, na kwa kifuko cha maji inamaliza kazi palepale: maji yanatoka, uvimbe unakwisha. Lakini kwa donge gumu kama lako inatoa chembe zilizotawanyika, na kati ya fibroadenoma na filodesi mara nyingi haiwezi kuamua. Kwa hiyo ukiambiwa “tutakuchukua kinyama”, uliza ni sindano ipi.

Nikueleze kwa nini nimelishikilia jambo hili. Miaka michache nyuma alikuja kwangu dada mmoja mwenye kovu titi la kulia, refu kama kidole cha shahada, na chini ya kovu kuna uvimbe mwingine. Alikuwa ametolewa uvimbe mahali fulani mwaka mmoja kabla. Nikamwomba karatasi ya maabara, hakuwa nayo. Alichokumbuka ni kwamba alionyeshwa uvimbe wake kwenye bakuli la chuma, akaambiwa “umeuona, umetoka wote”, bakuli likaondoka. Maabara ilikuwa ya kulipia kando na hakuna aliyemweleza kwamba ile ndiyo sehemu ya matibabu inayosema kama matibabu yameisha. Nikachukua kinyama upya. Ilikuwa filodesi. Safari hii ilinibidi kutoa nyama pana zaidi, na titi lile halikurudi kuwa na umbo lake. Laiti mara ya kwanza sindano ingetangulia, angepasuliwa mara moja tu. Nilikasirika sana siku ile, na mpaka leo sioni sababu ya kutokasirika. Kwa hiyo, hata ukitolewa uvimbe wote na ukauona kwa macho yako, usiondoke bila kuhakikisha umeingia kwenye kichupa chenye jina lako na namba yako. Wakikutajia gharama, uliza wazi kama maabara imo ndani yake.

Sasa tuje kwenye tundu la mwenzako. Hakudanganywa, lipo kweli.

Sindano hiyo ya kunyonya uvimbe ilianza kutumika Marekani katikati ya miaka ya 1990, na mwanzoni kazi yake ilikuwa kuchukua kinyama tu. Ni nene kuliko ile ya stepla, milimita 3 hadi 5 hivi, lakini bado haifiki unene wa penseli. Ubavuni ina dirisha, na ndani yake kisu cha mviringo kinachozunguka. Mashine inavuta hewa, nyama inaingia dirishani, kisu kinakata, kipande kinanyonywa nyuma mpaka kwenye kikapu kidogo, na sindano yenyewe haijatoka titini. Ni kama mtu anayemega ugali tonge kwa tonge bila kuuondoa mkono sahanini. Madaktari wakaona kwamba ukiendelea kumega, donge linaisha. Basi kilichoanza kama kipimo kikawa tiba. Uingereza, taasisi yao ya taifa inayotoa miongozo ya tiba ilitoa mwongozo wa kazi hiyo mwaka 2006 kwa vimbe zisizo saratani, na huko Uchina na Korea Kusini inafanyika kwa wingi.

Mgonjwa anakuwa macho. Anachomwa ganzi iliyochanganywa na adrenalini, ambayo inabana mishipa ya damu ili pasitoke damu nyingi. Sindano inapitishwa chini ya uvimbe, kipimo cha ultrasaundi kinakaa juu ya ngozi, na kwenye skrini unauona uvimbe unapungua, unapungua, mpaka inabaki michirizi. Ni kazi nzuri kuitazama. Baada ya hapo titi linabanwa kwa mkono dakika kumi hadi kumi na tano, halafu linafungwa bandeji mpaka kesho yake. Hakuna uzi. Tundu linazibwa kwa plasta.

Lakini simu haikumweleza mwenzako mipaka yake. Sindano hii inafaa zaidi uvimbe usiozidi sentimita 3. Kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo mabaki yanavyobaki na kuanza kukua tena. Damu kuvilia ndani ni jambo la kutegemea, titi linakuwa jeusi-bluu wiki moja au mbili, na mara chache damu inakusanyika mpaka inabidi kutolewa. Nyama inatoka vipande vipande, kwa hiyo maabara haiwezi kusema kama ukingo wote umetoka. Ndiyo maana uvimbe wenye shaka ya filodesi au saratani hauondolewi kwa njia hii. Na mashine ni ghali, sindano yake ni ya mgonjwa mmoja na inatupwa, hivyo haimo katika hospitali nyingi. Kabla hujapanda basi kuifuata mbali, piga simu kwanza huko unakokwenda uulize mambo mawili: mashine inafanya kazi leo? Sindano zake zipo?

Kuna na njia ya kugandisha. Sindano inaingizwa katikati ya uvimbe, baridi kali inageuza donge kuwa barafu, linakufa, mwili unalimeza polepole kwa miezi. Marekani iliruhusiwa kwa fibroadenoma tangu 2001. Kwa njia hii hakuna nyama inayotoka, kwa hiyo bila kinyama cha awali haifanywi kabisa. Kwetu sisi si jambo la kukupotezea muda leo.

Nikirudi kwenye kisu, nataka bibi yako naye anisikie. Kisu cha kawaida nacho kinaweza kuwa kidogo. Wewe unakaa Mwaloni, umeona watu wanaotoa mabondo ya sangara, ile mifuko ya hewa iliyo tumboni mwake. Fundi hapasui samaki ovyo. Anajua bondo limekaa wapi, anafungua panapotosha, anaingiza vidole, analibandua zima bila kulitoboa. Fibroadenoma imejitenga na nyama ya titi namna hiyohiyo. Ukishaufikia ukingo wake na kuufuata, inachomoka nzima, nyeupe, inateleza, na titi linabaki karibu lilivyokuwa. Kwa uvimbe wa sentimita 2.4 ngozi haihitaji kukatwa zaidi ya sentimita 3. Nikiweza, nakata kwenye ukingo wa ule mduara mweusi wa chuchu, mahali rangi inapobadilika, na baada ya mwaka kovu unalitafuta kwa taabu. Uvimbe wako umekaa juu karibu na kwapa, kwa hiyo kutoka kwenye chuchu pengine ni mbali. Hapo tunakata kwa kufuata mkunjo wa ngozi, au pembeni kabisa ambako sidiria inafunika. Uzi unapita chini ya ngozi na unayeyuka wenyewe. Wengi wanarudi nyumbani siku ileile.

Na nusu kaputi si lazima kila mara. Uvimbe mmoja, mdogo, usio na kina kirefu, kwa mgonjwa asiye na hofu kubwa, unatolewa kwa ganzi. Muulize daktari wako kwa heshima: “Daktari, kwangu mimi ganzi haitoshi?” Huenda ana sababu yake, kwamba uvimbe umekaa chini karibu na msuli, au aliona unatetemeka wakati wa ultrasaundi. Akueleze. Ni haki yako.

Jambo moja ambalo wagonjwa wangu husahau kulitaja ni keloidi. Tazama bega lako lenye alama ya chanjo, tazama masikio ulikotoga. Kama kovu lilivimba, likawa gumu na la kung'aa, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Ngozi yetu nyeusi ina tabia hiyo zaidi, na kifua juu katikati ndipo inapopenda kuota. Kwa mtu wa namna hiyo tundu la milimita 5 ni faida kubwa kweli, na hapo ningekuwa wa kwanza kumwambia aisake ile mashine.

Sasa kwako. Kwanza kinyama, kwa sindano nene, chini ya ultrasaundi. Kikija kinasema fibroadenoma, una njia tatu na zote ni salama: kuiacha, kuinyonya, kuikata. Usishangae kwamba nimeanza na kuiacha. Haikuumi, haijafika sentimita 3, haijaonyesha kukua. Ungekuwa binti wa kuzaa mimi, ningekuambia tuipige ultrasaundi tena baada ya miezi 6, mashine ileile ikiwezekana, na siku chache baada ya hedhi kuisha ili titi lisiwe limevimba, tulinganishe vipimo. Ikibaki palepale, tunaendelea kuiangalia mpaka itimie miaka miwili. Ikikua haraka au ikivuka sentimita 3, itoke. Na ikiwa inakunyima usingizi, unaamka usiku kuigusa, hiyo nayo ni sababu halali ya kuitoa, usione haya kuisema. Kama unapanga mimba ya pili mwaka huu, mwambie daktari, maana mimba inaweza kuikuza, na ni nafuu kuitoa kabla kuliko wakati titi limejaa maziwa.

Hakuna anayekukimbiza kwa hilo. Lakini zipo dalili ambazo zikitokea hupaswi kungoja miezi 6 wala wiki 6: ngozi ya titi kuingia ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuvutika ndani wakati haikuwa hivyo, damu kutoka kwenye chuchu, donge kwapani, au titi kuwa jekundu na kuvimba bila homa ya maziwa. Hapo unakuja kesho yake.

Bibi yako nisalimie sana. Asemayo nimeyasikia Sengerema, nimeyasikia Magu, nimeyasikia kutoka visiwani, na hayakutoka hewani. Kina bibi wameona kwa macho yao mwanamke anapelekwa hospitali, anapasuliwa titi, na baada ya miezi anazikwa. Wakakiona kisu, kwa sababu kisu ndicho kilichokuwa mbele. Ambacho hawakukiona ni ile miaka miwili aliyokaa na uvimbe nyumbani. Saratani ilikuwa imeshatoka titini imekwenda kwenye mapafu au mifupa kabla hajapanda meli ya Nansio. Kisu hakikuichokoza, kilichelewa. Na sindano ya kinyama haiwezi kuugeuza uvimbe mpole ukawa saratani. Mwombe bibi jambo moja tu, kwamba uvimbe usichanjwe chale wala kubandikwa dawa ya kuunguza. Nimepokea matiti yenye vidonda vya dawa hizo, na kidonda kikishakuwepo ultrasaundi haisomeki, sindano haina pa kupita, na ugonjwa uliokuwa mdogo unageuka kuwa vita.

Itakuwaje kinyama kikisema saratani? Kwa picha yako silitegemei, lakini nalijibu kwa sababu najua ndilo swali lililo nyuma ya maswali yako yote. Hapo ile sindano ya kunyonya inawekwa pembeni. Lakini hata hapo, habari ya “titi lote lazima liondoke” si ya kila mtu tena. Milano, Italia, kati ya mwaka 1973 na 1980, daktari Umberto Veronesi na wenzake waliwagawa wanawake 701 wenye saratani ndogo isiyozidi sentimita 2. Nusu waliondolewa titi lote pamoja na misuli ya kifua, nusu waliondolewa sehemu tu ya titi kisha wakapigwa mionzi. Matokeo ya miaka 20 yalitoka mwaka 2002: waliobakiwa na titi waliishi sawasawa na wasiobakiwa. Hayo nayo ni upasuaji mdogo, na kwangu ni mkubwa kuliko mashine yoyote ya kunyonya. Ila sharti lake ni mionzi, kila siku ya kazi, wiki tatu hadi tano au zaidi kidogo. Zamani mtu wa Kanda ya Ziwa alilazimika kukaa Dar es Salaam kwa ajili ya hospitali ya saratani ya Ocean Road. Siku hizi hospitali ya Bugando nayo inatoa tiba mionzi hapahapa Mwanza. Kwa mama wa kisiwani bado ni wiki nyingi za kutafuta pa kulala mjini, na nimeona wanaochagua kuondolewa titi lote kwa sababu ya hilo tu. Siwalaumu. Lakini ili hata uwe na chaguo, lazima uvimbe ukutwe mdogo, na wako umekutwa ukiwa mdogo.

Umeniuliza mizigo. Baada ya sindano ya kinyama, pumzika siku ile na kesho yake. Baada ya sindano ya kunyonya, usinyanyue gunia kwa wiki moja. Baada ya kisu, wiki mbili kamili, na hapo namaanisha kunyanyua: kupanga, kupima na kupokea pesa unaweza mapema zaidi. Tafuta wa kukutwika au wa kukubebea. Kinachovuta kidonda ni ule mkono unaopandisha gunia kichwani. Siku ya kuja vaa sidiria inayobana vizuri, isiyo na chuma, na uje na nyingine safi, maana kubana ndiko kunakozuia damu kuvilia. Kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, itaje kabla, usiiache kimyakimya.

Kunyonyesha, ndiyo, utaweza. Titi moja lina mafungu kama 15 hadi 20 ya tezi, kila fungu na mfereji wake, na uvimbe wako uko mbali na chuchu. Kisu cha kwenye mduara wa chuchu ndicho kinachoweza kukata mifereji kadhaa, kwa hiyo mwambie mpasuaji wazi kwamba bado unazaa. Na hukuniambia kama mtoto wako bado ananyonya. Akiwa bado, sema kabla ya sindano yoyote. Kinyama kinaweza kuchukuliwa titi likiwa na maziwa, ila maziwa yanaweza kuvuja kwenye tundu kwa siku kadhaa, na daktari akijua mapema atachagua njia ya kupitisha sindano.

Chukua ile karatasi ya ultrasaundi pamoja na picha zake, usizikunje, na kama una bima omba barua ya rufaa huko ulikopimwa kabla hujaenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando, usije ukarudishwa dirishani. Kwenye kliniki ya upasuaji sema sentensi hii: “Nimekuja kuchukuliwa kinyama kwa sindano nene kabla ya kuamua kupasuliwa.” Majibu ya maabara yakitoka, yaliyo muhimu huandikwa mwishoni kabisa mwa karatasi. Niandikie mistari hiyo kama ilivyo, neno kwa neno, tuendelee kutoka hapo.